Jeli Kutoka Angani? Kwanza Tujibu Simu

Kazi ya mteja ilinibana wiki tatu nzima, na stima ya hapa Hurlingham nayo ilikuwa na mambo yake. Leo nimerudi, na nimerudi na ugomvi.

Ugomvi wenyewe ulianza na video. Mwenzangu wa meza ya pili alinitumia juzi, ya sekunde arobaini hivi. Ndege ya manjano inashuka bondeni, inafungua tumbo, na kitu kizito kama uji wa wimbi kinamwagika juu ya miti inayowaka. Moto unanywea. Chini ya video Wakenya wenzangu wameshajaa, na karibu wote wanasema jambo moja: jeli ya kuzima moto ipo, inamwagwa kwa ndege, sasa serikali yetu inangoja nini kuinunua? Kila Mlima Kenya au Aberdare ikifuka moshi, wimbo huu hurudi. Safari hii kuna hata mtu aliyechora ndege hiyo ikiwa na bendera yetu mkiani.

Mimi ni mwandishi wa programu, si zimamoto. Lakini nimekaa na wateja wa kutosha kujua harufu ya mtu anayetaka kununua seva kubwa kwa sababu programu yake ni ya polepole, na kumbe tatizo ni mstari mmoja wa msimbo ulioandikwa vibaya na kijana aliyekwishaacha kazi. Harufu hiyo nimeisikia hapa. Msimamo wangu nauweka juu kabisa ili usome ukiujua: tukinunua ndege ya jeli leo, milima yetu itaendelea kuungua vilevile, na tutakuwa tumemaliza pesa ambazo zingeweza kuizuia isiungue.

Kwanza tuelewe tunabishania nini, maana nusu ya watu wanaoililia jeli hii wanaichanganya na kitu kingine.

Jeli ya kuzima moto ni maji. Asilimia 97 au zaidi ni maji ya kawaida. Kinachoongezwa ni chembe za plastiki maalumu, nyingi zikiwa za jamii ya sodiamu poliakrileti, ambazo hunywa maji mara mia kadhaa ya uzito wao na kuvimba. Kama una mtoto mdogo nyumbani tayari unazo, zimo ndani ya nepi ya kutupa. Na hili la nepi si mzaha wangu. Mmoja wa waliobuni jeli hizi, John Bartlett, alikuwa zimamoto wa Florida, na mwenyewe ameeleza kwamba wazo lilimjia baada ya moto kuteketeza takataka na kuacha nepi moja iliyolowa ikiwa haijaungua. Ukiniuliza mimi, huo ni uvumbuzi mzuri. Mtu aliangalia kitu ambacho kila mmoja wetu angekiruka kwa kuziba pua.

Sasa jeli inafanya nini kwa moto? Chukua lita moja ya maji yenye nyuzi 20, ichemshe, kisha igeuze yote kuwa mvuke. Itakuwa imekula takriban kilojuli 2,600 za joto. Itie jeli, urudie. Itakula zilezile 2,600. Jeli haiyapi maji nguvu mpya. Inayazuia yasikimbie tu: yasipeperuke yakiwa angani, yasiteremke jani likiegemea, yasizame ardhini kabla ya moto kufika. Hiyo ni faida ya kweli na siibishi. Lakini jua likiwaka na upepo ukivuma, maji yaliyo ndani ya jeli hukauka kama maji mengine, na yakishakauka kazi imekwisha. Kinachobaki kwenye jani ni ugaga wa plastiki.

Ile dawa nyekundu mnayoiona kwenye habari za California ni kitu tofauti kabisa. Januari 2025, Los Angeles ilipoungua na magari ya watu yakageuka rangi ya waridi, ile haikuwa jeli. Ilikuwa chumvi za amonia na fosfeti, jamii ya mbolea, iliyotiwa rangi ili rubani aone alipokwishamwaga. Yenyewe hufanya kazi hata maji yakishakauka, kwa sababu chumvi hizo hubadili jinsi mti unavyoungua: unakuwa mkaa badala ya kutoa gesi zinazowaka. Idara ya Misitu ya Marekani huziweka bidhaa hizi katika makundi tofauti kabisa, dawa nyekundu kundi lake, povu kundi lake, jeli kundi lake. Sisi tunaziweka katika kundi moja liitwalo "hiyo teknolojia".

Haya, tupige hesabu. Nitachukua namba za kukadiria, na ukiona nimeipendelea hoja yangu badilisha namba urudie mwenyewe.

Tuseme moto uko kwenye nyasi na vichaka vya mlimani, mita 3,500 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wake una urefu wa kilometa mbili. Unataka kuuzuia kwa ukanda wa jeli wenye upana wa mita tano, lita mbili kwa kila mita ya mraba. Hiyo ni lita 20,000. Helikopta ndogo ya aina inayopatikana hapa kwetu, ile ya kubeba watalii na wagonjwa, tuipe ndoo ya lita 500. Kuchota, kupanda, kumwaga, kurudi: dakika kumi, na hapo rubani ni hodari. Lita 3,000 kwa saa. Ukanda wako utachukua karibu saa saba, bila kuhesabu kutia mafuta.

Saa saba! Ukanda ulioumwaga asubuhi umekauka kabla hujafika katikati. Walioandika programu wanaujua ugonjwa huu: ni sawa na kuhifadhi majibu kwenye kumbukumbu ya muda, halafu jibu la kwanza linapitwa na wakati kabla hujahifadhi la mwisho. Unazunguka tu. Na muda wote huo moto hauko pale ulipouacha.

Mita 3,500 nazo sikuzitaja kwa mapambo. Huko juu hewa ni nyepesi, msongamano wake ni kama asilimia 70 ya ule wa Mombasa, na jua likipanda unapungua zaidi. Panga za helikopta zinashika hewa, hakuna hewa, hakuna kubeba. Ile lita 500 niliyokupa ni zawadi. Video nyingi tunazoshangilia zimepigwa kwenye nchi ambazo moto uko chini, rubani ana hewa nzito, na uwanja wenye lami uko jirani.

Halafu kuna kuchanganya. Ndoo ya helikopta hutumbukizwa ziwani ikajaa, inaondoka. Mlima Kenya una maziwa madogo mazuri, kama Ellis na Alice, na maji yake ni laini, kwa hilo tuna bahati. Lakini jeli haiishi ziwani. Ama uwe na mtambo wa kuidunga ndani ya ndoo ukiwa angani, ama uwe na kituo chini chenye tangi, pampu, jeli iliyohifadhiwa isigande, na watu waliofunzwa kuichanganya. Ukichagua kituo chini, kila safari inarefuka, na ile hesabu yangu ya dakika kumi inakufa hapo hapo. Kwa ukanda wa lita 20,000, ukichanganya kwa asilimia mbili, ni kilo 400 za jeli. Nani atazipandisha, na kwa barabara ipi, mwezi gani?

Na ukienda Tsavo, ambako Agosti 2020 tuliona moto mkubwa, unakutana na tatizo lingine. Chembe hizi hazipendi maji ya chumvi wala yenye madini mengi. Huvimba kidogo tu, na kadiri maji yanavyokuwa magumu ndivyo unavyobaki na supu. Yeyote aliyewahi kunywa maji ya kisima upande ule anajua ninasema nini.

Tuache hilo. Rudi kwenye hesabu ile ile, lakini sasa chukua moto wa saa ya kwanza. Ukingo wake ni mita 30. Mita 30, upana mita tano, lita mbili kila mita: lita 300. Basi! Ndoo moja haijai. Na kwa lita 300 huhitaji hata ndoo. Watu kumi na watano, kila mmoja na pampu ya mgongoni ya lita 20, zile zile za kunyunyizia kahawa dawa ambazo ziko katika maelfu ya mashamba ya Nyeri na Kirinyaga, wamebeba lita 300. Maji ya kijito, bila jeli.

Hapa ndipo ninapowagombeza. Kati ya lita 300 na lita 20,000 hakuna kemia. Kuna muda. Moto wa kilometa mbili ulikuwa wa mita 30 siku moja, na siku hiyo mtu aliuona.

Mnasema Mlima Kenya ni mrefu, hao watu kumi na watano wataufikiaje kwa saa moja? Swali zuri. Kwa miguu kutoka getini hadi nyanda za juu ni kazi ya siku nzima, na mtu anayefika akiwa amechoka, ana njaa, na usiku unamkuta kwenye baridi ya kugandisha maji, hazimi kitu. Kwa helikopta ni dakika chache. Basi wapandishwe kwa helikopta! Watu watatu au wanne kila safari, na pampu zao, na majembe, na mablanketi, na chakula cha siku mbili. Mzigo wa maana kuliko yote ambayo ndege inaweza kupeleka mlimani ni watu. Mtu anachimba mstari mpaka kwenye udongo, halafu usiku, helikopta zikiwa zimelala na upepo umetulia, yeye ndiye anayeendelea kuzima. Mtu anarudi asubuhi kuangalia penye moshi.

Kuangalia penye moshi si jambo dogo huko juu. Udongo wa nyanda za juu ni mweusi, umejaa mizizi na majani ya miaka mingi yasiyooza vizuri kwa sababu ya baridi. Ukikauka, unawaka. Moto unazama, unatembea chini kwa chini, na siku ya tatu unaibuka nyuma yako. Jeli iliyomwagwa juu inabaki juu. Kinachomaliza moto wa namna hiyo ni jembe, maji yanayomiminwa kwenye shimo, na kiganja cha mkono kinachogusa udongo kujua kama una joto. Hakuna video inayosambaa ya mtu anayegusa udongo.

Sasa nije kwenye mfereji wangu, kwa sababu hapa Hurlingham suala hili si la wapanda milima tu.

Maji ninayochemshia chai ofisini, siku yanapokuja (siku nyingine tunapiga simu boza, mnajua), sehemu kubwa yake yanatoka Ndakaini, bwawa lililokamilika mwaka 1994 kwenye Mto Thika, na mito ya Ndakaini inatoka Aberdare. Aberdare ikiungua, kama ilivyoungua Februari 2022, ni chanzo cha maji ya Nairobi kinachoungua. Ninyi mnaopita hapa na matatu ya 46 kila asubuhi mkidhani moto wa msituni ni habari za tembo, mnaoga na msitu huo.

Basi chochote tutakachomwaga huko kutoka angani, tutakinywa. Sisemi jeli ni sumu. Kuna wenzetu ambao kila kitu chenye jina refu kwao ni sumu, na mimi si wa chama hicho. Sodiamu poliakrileti imekaa kwenye ngozi za watoto wa dunia nzima. Lakini Wamarekani, wenye marubani wa kazi hii tu na ramani za kila mto, mwaka 2002 walimwaga dawa nyekundu kwa makosa kwenye Mto Fall huko Oregon na kuua samaki kwa maelfu. Na hao wana kanuni ya kutomwaga karibu na mito. Mei 2023 jaji wa Montana alisema kumwaga dawa hizo mitoni bila kibali kunavunja sheria yao ya maji safi, ingawa aliwaruhusu waendelee wakati wakitafuta kibali. Ile ilikuwa dawa nyekundu, si jeli, narudia. Swali langu ni dogo: kama wao wanakosea mto, sisi rubani wetu wa kukodi, aliyetoka kushusha watalii Maasai Mara jana, atakosaje kukosea kwenye mlima ambao kila bonde lake ni mto?

Mtaniambia nimewasema Wamarekani, mbona wao bado wanatumia ndege. Wanatumia, na kwa sababu nzuri: kuchelewesha moto mpaka watu wa ardhini wafike. Kuchelewesha. Ndege zao zinamwaga mbele ya kikosi. Waliwahi kuwa na Boeing 747 iliyobeba zaidi ya lita 70,000 kwa mpigo, ikaitwa mpaka Chile mwaka 2017 na Bolivia mwaka 2019, kila picha yake ikifanya watu wapige makofi. Mwaka 2021 kampuni iliyokuwa nayo ilifunga kazi hiyo. Ndege kubwa kuliko zote duniani za kuzima moto, na haikupata wa kuilipia.

Kama tunataka kuiga, tuige karibu. Afrika Kusini mwaka 2003 walianzisha Working on Fire, mpango wa kuajiri vijana wasio na kazi, kuwafunza, kuwavisha, kuwalipa. Ni maelfu ya vijana. Msimu wa moto wanazima, msimu mwingine wanakata vichaka na kuchoma mistari ya kinga. Ndege na helikopta wanazo pia, lakini zinafanya kazi pamoja na vikosi hivyo. Na bado, Jumapili ya tarehe 18 Aprili 2021, moto wa Table Mountain uliteremka ukala ukumbi wa kusomea wa maktaba ya Jagger pale Chuo Kikuu cha Cape Town, pamoja na hazina za vitabu vya Kiafrika ambazo hazitapatikana tena. Hao ndio walio na kila kitu. Sisi tunataka kuanza na paa kabla ya msingi.

Watu wetu wanazimaje? Machi 2012 Mlima Kenya ulipoungua, askari wa wanyamapori, walinzi wa misitu, wanajeshi wetu na wa Uingereza walipanda, na wananchi wa kandokando walipanda pamoja nao. Kilimanjaro ni hivyo hivyo. Moto wa Oktoba 11, 2020 ulianzia Whona, mahali pa kupumzikia kati ya Mandara na Horombo, na waliokimbilia ni wapagazi, wanakijiji na wanafunzi, mamia yao. Kilometa za mraba 95 na nusu ziliungua. Angalia picha za miaka hiyo, hapa na kule. Utaona matawi mabichi, mapanga, kandambili. Mtu anapiga moto kwa tawi akiwa amevaa kandambili, na sisi tunajadili jeli!

Agosti 2022 Tanzania ilifikisha intaneti ya kasi Horombo, mita 3,720. Niliandika juu yake kwa furaha wakati ule. Miezi miwili baadaye, Oktoba 2022, moto mwingine ukawaka upande wa Karanga. Sina ugomvi na intaneti, ndiyo inayonilisha. Lakini picha za moto ziliteremka mlimani kwa sekunde moja, na watu wakapanda kwa miguu.

Hapa lazima nikiri dhambi yangu, kwa sababu nami nilifikiri kifaa kitatosha.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika programu ndogo kwa Python. NASA wana huduma iitwayo FIRMS ambayo inakupa bure vidoa vya joto vinavyoonwa na setilaiti. Kifaa cha VIIRS kinaona dunia kwa vipande vya mita 375, na data inafika karibu saa tatu baada ya setilaiti kupita. Programu yangu inachota vidoa, inaangalia kama viko ndani ya mipaka ya Mlima Kenya, Aberdare, Mau au Elgon, na ikiona inatuma SMS. Wikendi moja tu nilimaliza. Niliringa ofisini kama jogoo.

Tatizo la kwanza niliona haraka. Setilaiti hizo hupita kwetu kama saa saba na nusu mchana na saa saba na nusu usiku. Moto ukianza saa tisa alasiri, utaonwa usiku wa manane, na data itanifikia saa kumi na nusu alfajiri. Saa kumi na tatu zimepita. Na kukiwa na wingu, na mlima wetu unalipenda wingu, sioni kitu.

Tatizo la pili lilinifundisha zaidi. Alfajiri moja ya Februari simu ililia: vidoa vinne, vyote pamoja, msituni. Nikatoka kitandani, nikatafuta karatasi yangu ya namba. Niliyopiga kwanza ni ya ofisi moja ambayo sitaitaja. Ililia mpaka ikakata. Ya pili ilikuwa imefungwa. Ya tatu alipokea bwana mmoja mpole sana, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniambia alihamishwa kaunti nyingine mwaka uliopita na hana namba ya aliyechukua nafasi yake. Nikampigia mpagazi mmoja ninayemfahamu, mtu wa Naro Moru. Akacheka. Akasema, ndugu yangu, moshi huo wachungaji waliuona jana jioni kabla ya kukamua. Wao pia walikuwa wakitafuta nani wa kumpigia.

Setilaiti ya mamilioni ya dola, na mchungaji mwenye simu ya kitochi alikuwa ameishinda kwa saa kumi.

Tangu siku hiyo mtu akiniletea mambo ya jeli namuuliza kitu kimoja: nani anapokea simu? Mchungaji akiona moshi saa tisa, anapiga namba gani, na anayepokea ana mafuta ndani ya gari? Ana ruhusa ya kuita helikopta bila kusubiri saini tatu kutoka Nairobi? Helikopta ziko Nanyuki, na Wilson uko pale tu, ninazisikia ndege zake nikiwa mezani. Vyama vya wananchi vya kutunza misitu vipo kisheria, sheria ya misitu ya 2016 inavitambua, na wanachama wake wanaujua msitu kuliko ramani yangu yoyote. Walipwe siku za moto. Wapewe mabuti na bima. Mwanamume akipanda kuokoa maji ya Nairobi akaanguka genge, mke wake hapaswi kuchangishiwa kwa harambee ya M-Pesa. Haya yote ni ya bei ya chini kuliko ndege, na sioni mwanasiasa hata mmoja akipiga picha mbele yake.

Na kuna moto ambao haukupaswa kuanza. Wachoma makaa, warina asali wanaosahau mwenge, wanaochoma nyasi ili zichipue. Machi 2021 Lolldaiga iliungua maelfu ya ekari wakati wa mazoezi ya jeshi la Uingereza, na wananchi wakaishia kushtaki. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na jeli ni ukuta ghali sana.

Je, nainyima jeli nafasi kabisa? Hapana. Inachofanya vizuri kuliko maji ni kushika kwenye kitu kilichosimama: ukuta, paa, mlingoti. Vibanda vya mbao mlimani, kambi za wapandaji, mnara wa simu, nyumba ya walinzi. Moto uko mbali kwa saa moja, watu wawili wenye pampu wanapaka kibanda jeli kama wanaosiliba ukuta, wanaondoka. Hiyo nunueni hata kesho. Mitungi michache kila kambi, ikikaguliwa kila mwaka. Haitapigwa video. Haihitaji ndege.

Mwenzangu wa meza ya pili amesoma rasimu hii akasema nimekuwa mzee, nachukia vitu vipya. Nimemwonyesha hesabu ya lita 300. Amebadilisha upana kutoka mita tano kuwa kumi, akapata 600, akasema bado ni watu thelathini tu. Kisha akarudi kutazama video.

Programu yangu bado inaendesha kwenye kompyuta kuukuu chini ya meza, stima ikiwepo. Jana usiku ilileta vidoa viwili, vyote ni mashamba yanayochomwa upande wa Laikipia, nje ya mpaka wa msitu. Kwenye msimbo kuna mstari wa namba za kutumiwa ujumbe. Ya kwanza ni yangu, ya pili ni ya yule mpagazi. Nafasi ya tatu niliiacha wazi alfajiri ile ya Februari, na mpaka leo naandika haya, iko wazi.